Posho na Masomo ya Wazazi katika Marekani

Sheria ya mwaka wa 1935, aliyoitia sahihi Rais Franklin Roosevelt, iliwapa posho watoto maskini waliokosa matunzo ya mzazi mmoja, na mara nyingi aliyekosekana ni baba. Mama hakuhesabiwa, fungu lake liliongezwa mwaka wa 1950. Kusudi lilikuwa akae nyumbani alee. Masomo yake hayakufikiriwa.

Sheria ya mwaka wa 1988 iliyaamuru majimbo yawape wazazi hao elimu na mafunzo ya kazi, pamoja na msaada wa kulelewa watoto saa za masomo. (Maana mwenye mtoto mgongoni atasoma nini?) Kisha ikaja sheria ya mwaka wa 1996: posho ya serikali kuu isizidi miezi 60, na mpokeaji sharti afanye kazi. Mafunzo ya ufundi yalihesabiwa kuwa kazi kwa miezi 12 tu. Shahada ya chuo kikuu huko huchukua miaka 4. Basi wengi waliacha vyuo kabla ya kuhitimu.

Jimbo la Maine lilitafuta njia nyingine. Mwaka wa 1997 lilianzisha mpango wa wazazi wasiozidi 2,000, wasome chuoni miaka 2 au 4 huku wakipokea posho ile ile. Aliyezoea daftari za hesabu atauona werevu wake: fedha zilitoka katika mfuko wa jimbo lenyewe, kwa hiyo ile miezi 60 ya serikali kuu haikuwahusu.