Mpelelezi na Wakati: Kutoka Pumzi hadi Kanam

Hadithi ya mpelelezi avukaye wakati haihitaji mtambo wa gharama. Katika Pumzi (2009), filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Asha, mhifadhi wa makumbusho, apokea udongo wenye rutuba, kisha aingia jangwani kutafuta ulikotoka. Historia ya Homa Bay yaonyesha uzito wa swali hilo. Mwaka 1932 msafara wa Louis Leakey ulipata kipande cha taya huko Kanam. Percy Boswell alipokwenda kuhakiki mwaka 1935, mahali hasa hapakuweza kuthibitishwa, na ushahidi ukapoteza nguvu. Kinyume chake, kuta za Thimlich Ohinga, Migori, mawe yaliyopangwa pasipo chokaa, zimesalia zilipojengwa. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2018. Basi, katika fani kama katika akiolojia, dalili iliyong'olewa mahali pake ni shahidi bubu.