Usinyaaji wa Retina: Jina la Upofu Anaourithi Mbwa

Lubumbashi, mtu akiona imbwa wake anagonga viti kila jua likizama, hudhani ni uzee. Daktari wa mifugo aliyesomea kwa Kifaransa pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi atamwambia ni "atrophie progressive de la rétine". Mwenye mbwa ataitikia kwa kichwa, kisha aende zake bila kuelewa neno.

Katika kulitafsiri jina hilo, retina tuiache ilivyo, kwa kuwa vitabu vya shule vimeshaizoea. Asili yake ni Kilatini, wavu. Kazi iko kwenye "atrophie". Wengine husema kunyauka, lakini mche ulionyauka humwagiwa maji ukachangamka. Wengine husema kudhoofu, na aliyedhoofu hulishwa akanenepa. Ugonjwa huu hauna dawa: seli za kuonea gizani hufa kwanza, baadaye zile za mchana, na retina hubaki nyembamba. Ndiyo maana nachagua usinyaaji. Na "progressive"? Wapo wanaokimbilia "endelevu", neno tulilokwisha kulipa sifa njema katika maendeleo endelevu. Upofu haustahili sifa hiyo. Tuseme usinyaaji wa retina unaozidi.

Usichanganywe na mtoto wa jicho, ambapo weupe wa lenzi huonekana hata kwa jirani. Hapa jicho huweza kuwa angavu kabisa. Daktari hutia matone ya kupanua mboni, huzima taa, kisha huchungulia kwa kifaa chenye mwanga. Dalili ni mbili: mishipa ya damu imekuwa myembamba, na ule mng'ao wa nyuma ya jicho umezidi, kwa sababu retina iliyosinyaa haiufuniki tena. Kipimo cha umeme wa retina huweza kugundua hitilafu mapema zaidi, na cha jeni huhitaji damu kidogo tu au ute wa shavu.

Jambo hili linatuhusu Wakongo. Basenji, mbwa asiyebweka, alitoka kwetu. Olivia Burn aliwapeleka baadhi yao Uingereza katika miaka ya 1930. Hata jina lake ni lile lile neno letu "washenzi" kwa mavazi ya Kilingala, tusi ambalo mbwa huyu hakulistahili. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kasoro katika jeni ya SAG ya basenji: herufi moja imebadilika, na alama ya kukomesha protini ikafutika. Mbwa huona vizuri ujanani, upofu ukaja utu uzimani, pengine akiwa ameshazaa. Kasoro hiyo haielezi kila basenji anayepofuka, lakini inaeleza wengi.

Neno la mwisho la kuafikiana ni mbebaji: mbwa mwenye nakala moja ya kasoro, anayeona vizuri. Ukipandisha wabebaji wawili, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupofuka. Mpandishe mbebaji na asiye na kasoro hiyo, na hakuna mtoto atakayepofuka kwa sababu yake. Wafugaji, pimeni kabla ya kupandisha.