Nani anaona fishi ya mgonjwa?

Tuseme hospitali mbili za Lubumbashi, moja Katuba na ingine Ruashi, zinatumia programu moja. Fishi zote za wagonjwa ziko ndani ya hifadhidata moja. Muuguzi wa Katuba akitafuta jina, ni nini inamzuia kuona majibu ya kipimo cha SIDA ya mtu wa Ruashi?

Fundi anaweza kuandika sharti “Katuba tu” kwenye kila swali ambalo programu inauliza hifadhidata. Lakini maswali yako mamia. Akisahau moja tu, siri imetoka.

OpenMRS, programu ya hospitali iliyoanza 2004 na kuingia kazini Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ina moduli ya kuchuja. Inategemea Hibernate, kifaa cha mafundi wa lugha ya Java. Sharti linaandikwa mara moja, kisha Hibernate yenyewe inalibandika kwenye maswali, kufuatana na mahali muuguzi alipopewa ruhusa.

Ila chujio la Hibernate lina matundu. Swali lililoandikwa moja kwa moja kwa SQL halichujwi. Na kwa kawaida fishi inayoombwa kwa namba yake inapita bila kuguswa. Hili la pili ni baya zaidi, maana mtu anaweza kubadili namba tu kwenye adresi juu ya ekra. Hapo inatakiwa mlinzi mwingine, wa kukagua kila fishi inapotoka.

Hospitali ikiletewa programu ya namna hii, kuna jaribio lisilohitaji fundi: ingia kama muuguzi wa Katuba, kisha omba fishi ya mfano ya Ruashi kwa namba yake.