Safu ya Lugha: Sredojević

Jina la kocha Mserbia Milutin Sredojević, aliyeifundisha Yanga mwaka 2007 na baadaye kuipeleka Uganda katika Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2017 kwa mara ya kwanza tangu 1978, husomwa katika vibanda umiza vya Nkuhungu, na hata redioni, kana kwamba linaishia kwa sauti ya k, ilhali c yenye alama juu yake, ambayo magazeti huidondosha, hutamkwa karibu na ch, nayo j hutamkwa y: Sredoyevich. Makocha Papić wa Yanga na Logarušić wa Simba walipatwa na adha hiyohiyo. Pengine ndiyo maana lakabu ya Micho, isiyomtatiza msomaji, ilishika upesi.

Jina lenyewe limejengwa juu ya Sredoje, jina la mwanamume, likiongezewa -ev ya kumiliki na -ić ya udogo, hivyo asili yake ni kitoto cha Sredoje. Hata hivyo, tofauti na neno bin, ambalo humtaja baba halisi, Sredoje huyo ni mhenga wa zamani, na jina hurithiwa lilivyo. Ni jina la ukoo. Wanaoliita jina la baba wanalichanganya na utaratibu wa Warusi, ambapo katika Vladimir Vladimirovich Putin, Vladimirovich ndilo la baba na Putin la ukoo. Fomu za Kitanzania zenye nafasi ya majina matatu, kwa kweli, humfaa Mrusi kuliko Mserbia, ambaye kwa kawaida ana mawili tu.