Chuma cha Kubana Shokapu

Nje ya vibanda vingi vya welda mjini Tabora kuna rundo la chuma chakavu: springi za lori zilizokatika, vipande vya nondo, mabomba ya maji, ekseli kuukuu. Humo ndimo mwenye gari dogo linaloyumba kwenye kona hutafutiwa chuma cha kuunganisha vichwa vya shokapu za mbele, ili bodi isitanuke barabara ikiwa mbovu. Fundi akiulizwa achukue kipi, mara nyingi mkono wake huenda kwenye springi. Eti ndicho chuma kigumu.

Sifa hiyo ina historia yake.

Kabla ya gari, Unyamwezi ilikuwa nchi ya wahunzi. Jembe la chuma lililimia, likanunulia bidhaa na kutolewa mahari. Kaskazini, upande wa Geita, Warongo waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru ya udongo, kwa makaa ya miti na mivukuto. Chuma chao kilikuwa laini. Jembe liliisha ncha, likarudi motoni. Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, njia ya misafara ilikuwa tayari inapitisha pembe, nguo na shanga kati ya pwani na Ujiji, kila mpagazi na mzigo wa karibu frasila mbili, kama kilo 32.

Chuma cha Ulaya kilipozidi kuingia, kuyeyusha kukakosa faida. Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na baada yake yakaja magari. Matanuru yalizimika, lakini nyundo hazikunyamaza. Mhunzi aliona kwamba springi ya lori ikitiwa moto na kupozwa kwa ustadi hutoa panga na shoka zinazoshika makali kuliko chuma cha babu yake. Hapo ndipo springi ilipopata jina. Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikapotea madukani, na makanika wakaitumia springi kuziba kila pengo. Siwalaumu, gari lilitakiwa liende.

Ila panga ni panga, na mhimili wa shokapu ni kitu kingine. Springi na chuma cha kawaida hupinda karibu sawasawa vikibebeshwa mzigo mmoja, vikiwa na umbo moja. Tofauti ni kwamba springi huvumilia mzigo mkubwa zaidi kabla ya kubaki imepinda. Kwa hiyo kipande bapa cha springi hakiongezi ugumu anaoutafuta mwenye gari, na kina ubaya wake: kina kaboni nyingi, na ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza na kukipoza polepole, pembeni mwa mshono huwa kama kigae. Ufa huanzia hapo, chini ya rangi, na dereva haujui mpaka siku ya korongo.

Kinacholeta ugumu hapa ni umbo. Kwa uzito uleule, bomba la chuma cha kawaida hukataa kupinda kuliko kipande cha kujaa, na lililonyooka hushinda lililopindwa ili kukwepa injini. Liwe limefungwa kwa bolti kwenye bamba pana, si kwa kuchomelewa juu ya bati jembamba la bodi. Kama ni bomba la maji lenye zinki, zinki iondolewe kwanza penye mshono, maana moshi wake humletea welda homa.

Nondo nimeiacha mwisho. Imetengenezwa ili ishikwe na zege pande zote. Ikiwa wazi, ndefu na nyembamba, ikisukumwa kutoka ncha zote mbili hubenuka katikati.