Jiwe la Mugere na Mti wa Bibi

Ukitoka kwetu Kanyosha ukafuata barabara ya Rumonge, ziwa likiwa mkono wa kulia, unapita Ruziba halafu unafika Mugere. Ni kama kilomita 12 kusini mwa Bujumbura. Pale juu ya kilima kuna jiwe kubwa, limechongwa majina mawili na tarehe: LIVINGSTONE, STANLEY, 25-XI-1871. Mwalimu alitupeleka nikiwa shule ya msingi. Tuliimba njia nzima, tukapanda juu ya jiwe, tukarudi.

Jioni nikamsimulia bibi. Akauliza, "Walifia pale?" Nikamwambia hapana, walilala siku mbili tu, wageni wa chifu Mukamba, halafu wakaendelea na safari yao. Bibi akanyamaza kidogo. "Kumbe kulala tu mtu anapata jiwe."

Kesho yake asubuhi akanishika mkono, tukapanda kufuata mto Kanyosha mpaka mahali nyumba zinapoisha na korongo linaanza. Kulikuwa na mti mmoja wa miba, una maua mekundu. Sisi Warundi tunauita umurinzi, maana yake mlinzi. Bibi akasema, "Msalimie babu yako."

Babu alichukuliwa Mei 1972. Wengi wenu mnaijua habari hiyo, lakini vijana wa kikundi changu hawaijui vizuri, na ninyi wa mashirika huwa mnaanza kutuhesabu tangu 2015. Tarehe 29 Aprili mwaka ule uasi ulianza kusini, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi waliuawa. Baada ya hapo serikali ya Micombero ikageuka kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, hata mtu mwenye kiduka. Walipakiwa kwenye malori. Wanaoandika historia wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Babu alikuwa karani. Alitoka na koti lake akasema atarudi mchana.

Kwetu msiba una hatua zake. Baada ya mazishi kuna guca ku mazi, na baadaye, hata mwaka ukipita, kuna kuganduka, siku ya kumaliza matanga, watu wanakunywa pamoja na mjane anaachiwa aendelee na maisha. Waliobaki 1972 hawakupata hata moja. Mwili haupo, na kulia hadharani ni kama kusema mumeo hakuwa msaliti. Bibi akafanya ujanja. Umurinzi huota hata ukikata tawi ukalichomeka ardhini, ndiyo maana watu huufanyia uzio. Akaenda korongoni na tawi moja kama mtu anayeweka alama ya shamba. Hakuna aliyemuuliza. Tena ule ni mti wa Kiranga, wa dini ya wazee, na bibi alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni. Mambo yote mawili yalimtosha.

Mwanzoni mwa 2020 tukasikia redioni, hapa Tanzania, kwamba Tume ya Ukweli na Maridhiano imefukua makaburi ya halaiki Karusi, karibu na mto Ruvubu. Walitoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Mama alisogeza redio karibu na sikio aliposikia neno nguo. Karusi ni mbali na Kanyosha, na koti ni koti tu. Lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Nikiwa sekondari kambini nilisoma habari za yule Livingstone mpaka kifo chake. Alifia kijiji cha Chitambo, leo ni Zambia, mwaka 1873. Waliokuwa naye, akina Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright akachonga jina na tarehe kwenye gome. Halafu wakabeba mwili kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Watu walio mbali na kwao, wanamzika mtu aliye mbali na kwao: hapo nilimwelewa zaidi Wainwright kuliko Livingstone. Mti nao haukudumu. Mwaka 1899 ulikatwa na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Leo pamesimama mnara.

Wetu haukupata London. Mto Kanyosha unakula kingo zake kila masika, nyumba zinaanguka nazo. Mwaka juzi shangazi alipiga simu: korongo limebomoka, mti umekwenda. Bibi alikuwa ameshafariki. Shangazi alishuka kwenye matope akakata tawi, amelichomeka uani kwake.

Sasa nije kwa mama. Mdogo wangu alifariki kwa malaria mwaka 2018, tukiwa kambi ya Mtendeli. Tulimzika pembeni ya pori. Msalaba wa mbao ulikuwa na jina kwa rangi nyeupe, ila mchwa wanajulikana. Kwa hiyo mama alibeba mafiga yake matatu ya kupikia akayapanga pale kichwani, meusi kwa masizi. Mwishoni mwa 2021 Mtendeli ikafungwa, tukahamishiwa Nduta. Pori linarudi upesi, na moto wa kiangazi unapita.

Familia ikijiandikisha kurudi nyumbani halafu ikajitoa, ninyi wa mashirika mnauliza ni ardhi au usalama. Mama amejitoa mara mbili. Anasema mawe matatu porini, asipokuwepo anayejua, ni mawe matatu tu.

Jumapili iliyopita nilichukua daftari nikachora: barabara, kisima kilichokufa, mwembe wa pili, hatua 40 kuelekea jua linapozama. Mama akachungulia. Akanyang'anya kalamu, akafuta 40, akaandika 52. "Wewe una miguu mirefu," akasema. "Mimi ndiye niliyehesabu."