Siku na Saa: Mabishano juu ya Mwisho wa Dunia katika Historia ya Walutheri

Itakumbukwa kwamba mwaka 2000 ulipokaribia, habari za mwisho wa dunia zilienea mijini na vijijini katika Afrika Mashariki. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, wafuasi wa kundi moja la kidini waliuza mali zao wakingojea siku ya mwisho wa mwaka 1999. Siku hiyo ikapita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Ni rahisi kusema kwamba mambo ya namna hiyo hutokea kwa watu wengine tu. Historia haikubali. Zaidi ya miaka 460 kabla ya Kanungu, mchungaji wa Kilutheri, tena rafiki wa Martin Luther, aliwatangazia washarika wake siku na saa.

Mchungaji huyo ni Michael Stifel. Aliwahi kuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Agostino, kama Luther, na mwaka 1528 alikabidhiwa usharika wa Lochau katika Saksonia. Mungu alimjalia kipaji kikubwa cha hesabu, na kipaji hicho ndicho kilichomponza. Katika jina la Papa Leo wa Kumi lililoandikwa kwa Kilatini alichagua herufi ambazo pia ni tarakimu za Kirumi, akazijumlisha, akaongeza kumi, kisha akaiondoa herufi M, yaani elfu moja, akisema kwamba yasimama badala ya neno lenye maana ya “siri”. Ikabaki 666. Hakika mtu awezaye kuondoa elfu nzima kwa ajili ya neno moja hawezi kukosa jibu alitakalo! Mwaka 1532 alitoa kijitabu cha hesabu juu ya Mpinga Kristo bila kutaja jina lake, na hatimaye akatangaza kwamba Bwana angerudi tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi.

Luther alijaribu kumzuia, wala mabishano yao hayakuwa kati ya mwenye kungoja na asiyengoja. Luther naye aliamini kwamba mwisho u karibu. Mwaka 1530 alitanguliza kuchapa tafsiri yake ya kitabu cha Danieli kabla ya manabii waliosalia, akihofu kwamba muda ungekwisha. Mwaka 1541 alitoa hata jedwali la miaka ya dunia, ambamo mwaka 1540 ulihesabiwa kuwa wa 5500 tangu kuumbwa. Alichokataa ni kuitaja siku na saa, ambayo kwa Mathayo 24:36 imewekwa mikononi mwa Baba peke yake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 17, lakiri kwamba Kristo atarudi kuhukumu, tarehe halitaji.

Wakulima wa Lochau hawakuwa na uwezo wa kuzipima hesabu hizo. Walichokuwa nacho ni mchungaji wao, nao walimwamini. Wengine waliacha kazi za mashamba, wengine wakatumia walichokuwa nacho, kwa maana hapakuwa na kesho ya kuwekea akiba. Watu walikuja hata kutoka mbali ili waungame na kuwa tayari. Saa mbili ikafika, ikapita. Stifel alikamatwa, akapelekwa Wittenberg na kupoteza usharika wake. Washarika walibaki na majira ya baridi yaliyokuwa yakikaribia.

Luther na Melanchthon hawakumtupa ndugu yao. Mwaka 1535 alipewa usharika mwingine, Holzdorf, na mwaka 1544 akatoa kitabu cha hesabu, *Arithmetica Integra*, chenye dibaji ya Melanchthon, ambacho wanahisabati wanakiheshimu hadi leo. Hata hivyo uponyaji wake haukuwa kamili: mwaka 1553 alichapa tena kitabu cha kuhesabu maneno ya unabii.

Wala hakuwa wa mwisho. Karne mbili baadaye Johann Albrecht Bengel wa Württemberg, mtaalamu mkubwa wa Agano Jipya, alihesabu kwamba mwaka 1836 ungeleta mageuzi makuu. Yeye alikufa mwaka 1752, lakini hesabu yake iliishi. Mwaka 1817 familia nyingi za Württemberg zilihamia Kaukazi, baadhi zikitafuta mahali pa kumngojea Bwana.

Katika Württemberg hiyo hiyo, kati ya Walutheri waliomsoma Bengel, walikulia Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Mwaka 1836 ulipita kama miaka mingine. Mwaka uliofuata Krapf alisafiri kwenda Ethiopia, na mwaka 1844 akafika Mombasa pamoja na mkewe Rosine, aliyefariki huko mwaka huo huo. Mwaka huo huo pia Krapf alianza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Alianza na kitabu cha Mwanzo.